Nambari Yako Inasema Nini: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Mzigo wa Posta Ukiwa Nairobi

"Mzigo wangu umefika wapi?" Swali hili halikosi kwenye kaunta yoyote ya posta jijini, na mara nyingi jibu lake liliamuliwa zamani, siku mteja alipokuwa akilipia oda na kugusa usafiri wa bei ya chini kabisa bila kusoma maelezo. Kuna usafiri unaorekodiwa kila kituo na kuna usiorekodiwa kabisa. Ukilipia huu wa pili, karani hana pa kutazama, na hata umpandishie sauti vipi, skrini yake haitakuwa na jina lako. Kwa hiyo tunaanza kabla hujalipa.

Anwani kwanza

Kenya tunapokelea barua kwenye masanduku, hatupelekewi mlangoni, na wauzaji wengi wa ng'ambo hawalijui hilo. Anwani inayofika ina mambo matano: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, P.O. Box na nambari ya sanduku, kistari, msimbo wa posta wa tarakimu tano, halafu mji na nchi. Msimbo ndio unaoamua mzigo utaangukia ofisi gani. 00100 ni GPO, yaani posta kuu, pale Kenyatta Avenue. 00200 ni City Square, 00300 Ronald Ngala, 00400 Tom Mboya, 00500 Enterprise Road, 00600 Ngara, 00606 Sarit Centre, 00800 Westlands, 00502 Karen. Ukiandika sanduku la Westlands na msimbo wa GPO, unaupa mzigo safari ya ziada ndani ya jiji, na hapo ndipo mambo hupotelea.

Jihadhari na fomu za mtandaoni zinazomeza sifuri za mbele. Unaandika 00100, mfumo unahifadhi 100, na lebo inachapishwa hivyo hivyo. Dawa yake ni kurudia msimbo kwenye mstari wa anwani, mara tu baada ya nambari ya sanduku, mahali ambapo fomu huchukulia kila kitu kuwa maandishi.

Huna sanduku? Wengi hutumia la kanisa, la shule au la mwajiri. Hilo linafaa, mradi jina lako litangulie na jina la mwenye sanduku lifuate baada ya c/o, yaani "kwa mkono wa". Njia nyingine ni MPost, huduma inayoifanya nambari yako ya simu kuwa anwani rasmi ya posta. Kitu chako kikifika unapata ujumbe wa simu. Kwa mtu anayehama nyumba kila mwaka, na Nairobi ndiyo hiyo, huenda hii ikamfaa kuliko sanduku la shangazi.

Nambari ya simu iandike kila mara, ukianza na +254. Na jina liwe la kitambulisho. Karani wa kaunta hatakupa kifurushi cha "Mrembo wa Donholm" hata kama picha zote za Facebook ni zako.

Kuchagua usafiri

Hapa pana mengi, kwa sababu wauzaji hupamba majina. Ukiondoa mapambo, huduma za posta duniani ni chache, na zote zinafuata kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi. Kenya ni mwanachama tangu 1964.

Ya chini kabisa ni pakiti ndogo ya kawaida. Mwisho wake ni kilo 2, bei yake ni ndogo, na hata ikiwa na msimbo pau, huo mara nyingi ni kwa ajili ya forodha tu. Inaweza kuonekana ikitoka kwao kisha isionekane tena hadi ukute karatasi ya taarifa kwenye sanduku. Inakubalika kwa kava ya simu au pakiti ya shanga. Kwa kitu ambacho kupotea kwake kutakuuma, usiiguse.

Juu yake kuna pakiti inayofuatiliwa, halafu rejista. Rejista ndiyo ya zamani na inaheshimiwa: inakabidhiwa kwa sahihi kutoka mkono hadi mkono, na ikipotea kuna fidia iliyowekwa kikanuni. Haina haraka. Ukitumiwa vyeti vya shule au hati, angalau iwe hii.

Kisha kuna kifurushi kamili, kile wenyeji wa kaunta wanakiita paseli, kwa vitu vilivyozidi kilo 2. Na juu ya zote ni EMS, huduma ya haraka ya mashirika ya posta yenyewe, ambayo kwa kawaida hubeba hadi kilo 30 na hurekodiwa karibu kila hatua. Watu huidharau EMS kwa sababu inaitwa ya posta, kisha wanalipa mara mbili au tatu kwa kampuni binafsi. Kwa mzigo usio wa kufa na kupona, mimi ningeanza kwa kulinganisha bei ya EMS.

Kampuni binafsi kama DHL na FedEx zina faida mbili za kweli: kasi, na kwamba zenyewe hushughulikia forodha na kukuletea mlangoni. Lakini huduma hiyo ya forodha hulipiwa, na huwasikii wakiitaja wakati unaagiza. Pia hazipeleki kwenye sanduku la posta. Zinataka jina la jengo, barabara na simu inayopokelewa. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja kabla hujalipa: mzigo unakuja kwa posta au kwa kampuni binafsi? Jibu ndilo litakuambia uandike anwani gani. Na ukiona tu neno "economy" au "standard" bila jina la shirika, chukulia kuwa ni posta ya kawaida isiyofuatiliwa hadi muuzaji athibitishe vinginevyo kwa maandishi.

Kusoma nambari

Nambari ya posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13, na haibadiliki umbo: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili. Chukua mfano RR123456785KE.

Herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia umenunua nini. R ni rejista. E ni EMS. C ni kifurushi. L ni pakiti inayofuatiliwa. V ni kitu chenye bima. U ndiyo ya kuangalia sana: ni pakiti ya kawaida, na hata ukiipata nambari yake, usitarajie taarifa hadi mwisho wa safari. Muuzaji aliyekuahidi ufuatiliaji kamili kisha akakutumia nambari inayoanza na U hajakutimizia ahadi, na una haki ya kumwambia hivyo siku hiyo hiyo badala ya kungoja.

Herufi mbili za mwisho ni nchi mzigo ulikotoka: CN Uchina, GB Uingereza, US Marekani, DE Ujerumani, AE Falme za Kiarabu, KE Kenya. Ukiambiwa mzigo umetoka Uingereza na nambari inaishia CN, umekwishajua kitu.

Tarakimu nane za katikati ni za mfululizo tu. Ya tisa ni ya uhakiki, na hapa kuna ujanja ambao wachache wanautumia. Zidisha tarakimu nane kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo. Kwa mfano wetu: 1 mara 8 ni 8, 2 mara 6 ni 12, 3 mara 4 ni 12, 4 mara 2 ni 8, 5 mara 3 ni 15, 6 mara 5 ni 30, 7 mara 9 ni 63, 8 mara 7 ni 56. Jumla 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5, na tarakimu ya tisa ni 5 kweli. Ukipata 10, tarakimu inakuwa 0. Ukipata 11, inakuwa 5. Nambari isiyopita hesabu hii imeandikwa vibaya au imebuniwa. Kabla hujamshuku mtu, hakikisha hukuchanganya herufi O na sifuri.

Nambari zisizo na umbo hili hazikosi uhalali, ila si za posta. Zinazoanza na LP na kufuatiwa na tarakimu tupu ni za Cainiao, na zinazoanza na YT ni za YunExpress, zote kampuni za usafirishaji za Uchina. Ukiweka nambari ya namna hiyo kwenye tovuti ya posta, haitapata kitu. Mwombe muuzaji nambari ya hatua ya mwisho, yaani ile mzigo utakayotumia ukishaingia Kenya.

Pa kutazama

Anza na tovuti ya posta ya nchi mzigo ulikotoka, kwa sababu ndiyo iliyoupokea na ndiyo yenye rekodi za mwanzo. Mzigo ukishaondoka huko, hamia tovuti ya Posta Kenya, posta.co.ke. Kama hutaki kuruka kutoka tovuti hadi tovuti, 17TRACK hukusanya rekodi za mashirika mengi pamoja, na ina programu ya simu inayokutumia taarifa hali ikibadilika. Zote hizo zinasoma rekodi zile zile, kwa hiyo kuangalia tovuti tano hakuongezi habari. Asubuhi mara moja yatosha.

Kinachoonekana pale ni alama za vituo tu. Hakuna kifaa ndani ya kifurushi kinachotuma mahali kilipo. Mtu akiuskani mzigo, unaona mstari mpya. Asipouskani, huoni kitu, ingawa mzigo unaenda. Ni kama mgeni anayekuja kutoka Busia na kukupigia simu akishuka Nakuru: hujui kama yuko Naivasha au Kinungi hadi apige tena.

Mistari yenyewe huja kwa Kiingereza, na maneno yake ni ya kiofisi. "Posting/Collection" maana yake umepokelewa na posta ya huko. Kama unaona tu kwamba taarifa za mzigo zimepokewa kielektroniki, basi muuzaji amechapisha lebo, na mzigo wenyewe huenda bado uko kwenye rafu yake. Wauzaji wengi hujificha hapo kwa wiki nzima.

"Arrival at outward office of exchange" ni kufika ofisi kubwa ya kusafirishia nje. "Departure from outward office of exchange" ni kufungwa kwenye gunia na kuachiliwa kwa ndege. Baada ya mstari huu huja kimya kirefu kuliko vyote. Gunia linangoja nafasi kwenye ndege, linaweza kubadilishwa ndege Dubai au Addis Ababa, na huko kote hakuna anayelifungua kuskani kifurushi kimoja kimoja. Kimya cha hapa kisikutishe mapema. Kwa pakiti ya bei ya chini, wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Kwa EMS, kimya cha zaidi ya wiki moja ni sababu ya kuanza kuuliza.

Wakati mwingine badala ya jina la mji utaona herufi sita. Mbili za kwanza ni nchi, tatu ni mji kwa msimbo wa uwanja wa ndege, na ya mwisho ni ofisi. Inayoanza na CNCAN iko Guangzhou. Ukiona KENBO, mzigo uko Nairobi.

"Arrival at inward office of exchange" ndiyo habari njema: gunia limefunguliwa Kenya. Baada ya hapo kuna forodha, kisha ofisi yako ya posta, kisha wewe.

Forodha

Hapa ndipo watu wengi hulaumu posta kwa jambo lisilo lake. Kodi hutozwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Posta ni mbebaji tu.

Hesabu huanzia kwenye thamani ya bidhaa, ukijumlisha usafiri na bima kama ipo. Watu husahau usafiri. Ushuru wa forodha unafuata jedwali la pamoja la Afrika Mashariki, ambalo tangu Julai 2022 lina viwango vinne vikuu: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inatozwa juu ya jumla ya thamani pamoja na ushuru.

Tuseme umenunua kitu cha shilingi 9,000 na usafiri ni 3,000. Msingi ni 12,000. Kikiwa kwenye kundi la asilimia 25, ushuru ni 3,000. VAT ni asilimia 16 ya 15,000, yaani 2,400. Tayari ni 5,400, na bado hujaongeza ada ya tamko la uingizaji na tozo ya reli, ambazo viwango vyake hubadilishwa na sheria za fedha. Fanya hesabu hii kabla ya kuagiza. Kuna viatu ambavyo ukishamaliza kuvilipia kila kitu, unagundua pale Kenyatta Market vingekuwa nusu bei.

Kumwambia muuzaji aandike "zawadi" au apunguze bei kwenye lebo hakusaidii sana. Neno zawadi peke yake haliondoi ushuru, na afisa akishuku bei anaweza kukadiria yake, ambayo haitakupendelea. Kinachosaidia ni invoisi ya kweli na ushahidi wa malipo, iwe ni taarifa ya kadi au ujumbe wa M-Pesa. Viweke kwenye simu mapema.

Simu za mkononi zina masharti ya ziada. Tangu tarehe 1 Januari 2025, nambari ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, ya simu inayoingizwa nchini inatakiwa kutangazwa kwa KRA.

Kwenda kuchukua

Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, PIN ya KRA (nambari yako ya mlipakodi), karatasi ya taarifa kama uliipata, nambari ya kufuatilia, na invoisi. Kama PIN yako ina shida, Huduma Centre ya GPO, kituo cha huduma za serikali, iko hapo hapo jengo la Teleposta, kwa hiyo usirudi nyumbani. Ukimtuma mtu, mpe barua yenye sahihi yako na nakala ya kitambulisho chako, naye abebe chake.

Nenda asubuhi. Mwisho wa mwezi na saa ya chakula cha mchana foleni ni ndefu. Kagua kifurushi mbele ya karani kabla ya kutia sahihi: kona zilizobonyea, gundi iliyobandikwa upya, uzito usiolingana na ulioandikwa kwenye lebo. Ukiona dalili, omba iandikwe papo hapo. Ukishatia sahihi na kushuka ngazi, kudai kunakuwa kugumu.

Usikawie. Kifurushi kisichochukuliwa hurudishwa kilikotoka, na njiani hapo huenda ukadaiwa ada ya kukihifadhi.

Kutuma kutoka Nairobi

Ndani ya nchi, mshindani mkubwa wa posta ni matatu na mabasi. Ukituma Nyeri au Nakuru kwa sako ya matatu ya pale mjini, mzigo unafika siku hiyo, na mpokeaji anaufuata stejini. Kwa kitenge na unga, sina ubishi na hilo. Kwa hati ya shamba au cheti, nitakwenda posta, nipate risiti yenye nambari, kwa sababu mzigo ukipotea nataka kuwe na rekodi iliyoandikwa, si ahadi ya makanga.

Kwa kutuma nje, utajaza fomu ya forodha: CN22 kwa vitu vidogo vya thamani ndogo, CN23 kwa vikubwa. Andika kitu kwa jina lake. "Vikapu vya mkonge 3, shilingi 4,500" kitapita, "bidhaa" kitasimamishwa. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, manukato, vitu vya kupuliza na pesa taslimu viache nyumbani. Usifunge kwa gundi ya mwisho kabla ya kufika kaunta, kwani huenda wakataka kuona ndani.

Wanaouzia wateja wa Marekani vyondo na shanga wajue kwamba tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800. Uliza kaunta utaratibu wa sasa kabla hujamtajia mteja bei ya usafiri.

Ujumbe wa ulaghai

Utapata ujumbe: kifurushi chako kimekwama, lipa shilingi kadhaa kwenye kiungo hiki. Kiasi ni kidogo makusudi. Wanachotaka ni nambari za kadi yako. Usibonyeze. Chukua nambari yako ya kufuatilia, iandike mwenyewe kwenye tovuti ya posta, uone kama kuna kitu. Ujumbe usiotaja nambari yoyote, au wenye nambari isiyopita ile hesabu ya 11, ufute.

Mzigo ukipotea

Kwa kanuni za posta duniani, kitu bado ni mali ya mtumaji hadi akabidhiwe mpokeaji. Ndiyo maana dai la kwanza hufunguliwa na mtumaji, kwenye posta yake, ndani ya miezi sita tangu siku baada ya kutuma. Wewe uliyeko Nairobi unaweza kuuliza kaunta na kuandikisha malalamiko, lakini msukume muuzaji afungue uchunguzi huko kwao, na akupe nambari ya uchunguzi huo.

Kama ulinunua mtandaoni, angalia tarehe ya mwisho ya ulinzi wa mnunuzi. Hiyo haingoji posta. Muuzaji akikuambia "subiri wiki mbili zaidi, rafiki", tazama kwanza kama wiki mbili hizo zinaivuka tarehe. Zikiivuka, fungua mgogoro leo. Mzigo ukija baadaye unaweza kuufunga mgogoro huo.

Kwa kitu ulichotuma wewe kutoka hapa, rudi na risiti, jaza fomu ya kuulizia, na usikubali jibu la mdomo. Jibu lisipokuja au lisiporidhisha, Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni kwa posta na kampuni za kusafirisha vifurushi, na hupokea malalamiko ya wateja. Watataka kuona kwamba ulianza kwa mhusika mwenyewe, kwa hiyo nakala ya barua yako igongwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa, nawe ubaki nayo.